Filamu Ambayo Haikusogea

Kamera yangu ya kwanza niliinunua kwa padri mmoja wa kigeni aliyekuwa anarudi kwao. Hata kwa miaka ile ya tisini ilikuwa ya kizamani: nzito, ya chuma, haina betri, mwanga unaukadiria kwa macho. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Kalangalala, na siku zisizo za kazi nilipiga picha chochote kilichotulia.

Likizo moja nilikuwa kwetu kijijini, Shinyanga, kaka yangu alipokuja kukaa siku mbili. Alikuwa mchimbaji wa dhahabu kule Mwakitolyo, na mama alikuwa hajamtia machoni kwa miaka minne. Siku ya pili mama alivaa kitenge chake cha kanisani, akaniambia niwapige picha, maana hakuwa na hata moja ya kaka.

Niliwasimamisha mbele ya ghala la mtama. Kaka hakupenda mambo hayo. Alijifanya anaangalia ng'ombe. Mama alimshika kifundo cha mkono na hakumwachia mpaka nilipomaliza. Mchana kaka akadandia lori la pamba, akaenda zake.

Nilimalizia filamu kwa kuwapiga picha majirani. Namba ilifika thelathini na sita, ambapo filamu huisha, nikavuta, ikakubali. Thelathini na saba. Thelathini na tisa. Kuifungua kamera nisingeweza, kwa sababu kama kulikuwa na kitu ndani, mwanga ungekiunguza.

Mjini Shinyanga, mwenye studio, mzee wa Kihindi, aliingiza kamera na mikono yake kwenye mfuko mweusi, akapapasa huku akitazama ukutani.

"Mwalimu, filamu yote imo kwenye kikopo chake," alisema. "Ulimi wake, ile ncha ya mbele, haukushika. Hujapiga kitu."

Nilimwomba apapase tena. Alipapasa tena, kwa kunionea huruma tu. Kisha akanionyesha kirungu kidogo cha kushoto, juu ya kamera: unapovuta filamu lazima nacho kizunguke. Kisipozunguka, unapiga hewa.

Nilirudi kumwambia mama.

"Mbona niliisikia kamera ikilia?"

"Ililia, mayu. Lakini haikukamata."

"Basi mwite arudi."

Sikuwa na namna ya kumwita. Nilichoweza ni kwenda Mwakitolyo. Safari hii niliweka filamu vizuri, nikahakikisha kirungu kinazunguka. Kwenye duara, shimo alilokuwa akichimba, wenzake waliniambia ameondoka wiki iliyopita. Mmoja alidhani ameelekea Runzewe, mwingine akasema mbali zaidi, kuna mahali dhahabu imetoka. Hakuna aliyekuwa na uhakika.

Walipoiona kamera, walijipanga. Kila mmoja alitaka picha ya kupeleka kwao. Nilishindwa kuwakatalia, filamu yote ikaishia kwao, na zote zilitoka safi.

Kabla ya kuwapelekea nilipita nyumbani. Mama alizitandaza mkekani, akawa anaziinua moja moja na kuzisogeza karibu na macho. Akafika kwenye picha ya mtu aliyeinama mdomoni mwa duara, mgongo wazi, uso hauonekani.

"Huyu ni yeye," alisema.

Mtu yule nilimfahamu. Alikuwa mwenyeji wa Bukombe, na aliniambia anataka watoto wake wawili waone baba yao anavyofanya kazi. Nilitaka kusema. Mama alikuwa anapitisha kidole juu ya mgongo ule, taratibu, kutoka begani kwenda chini.

"Amekonda," akasema, akaifunga picha kwenye pindo la khanga yake.

Wachimbaji wote walipata picha zao isipokuwa mmoja. Nilimwambia yake iliungua. Alisema si neno, akaniomba siku nyingine nikipita nimpige tena. Sikupita. Kaka naye hakurudi mwaka ule, wala uliofuata, na kila nilipokwenda kumjulia mama hali alinitolea ile picha na kuniuliza kama naona kuwa sasa amepata nafuu.