Makochi ya Mama Angel Yako Nje

Tangu nyumba ya jirani yake Bartolomeo iungue, Leonida, yaani mama Angel, hakutulia. Mwanamke huyu wa Rombo, aliyehamia Ganako na kufungua duka la vitenge mjini Karatu, kiherehere alizaliwa nacho; sasa kilikuwa kimepata sababu. Anachomoa jiko la umeme, anatoka, anarudi kulikagua, anatoka, anarudi tena. Mumewe Nehemia, dereva wa watalii, yuko Ngorongoro na wageni wake, simu haipatikani, kwa hiyo hata wa kumwambia hebu tulia hayupo.

Lakini kilichomnyima raha hasa si moto. Ni kilichofuata. Majivu ya nyumba hayajapoa, majirani wakaanza kumiminika: huyu na sufuria, huyu na blanketi, huyu na debe la mahindi. Chupa za chai zililetwa nyingi mpaka watoto wakawa wanazichezea. Leonida naye alipeleka yake, akaiweka chini na kukimbilia dukani. Njiani swali likamkaba: mimi nikiungua, nani ataleta?

Jibu alilijua, na lilimuuma. Misibani haonekani. Anatuma rambirambi kwa simu, basi. Hata Scholastika, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, alipomzika mama yake kule Daa, Leonida alisema kuna mzigo unashushwa kutoka Arusha. Mzigo gani huo, jamani, usioweza kusubiri mtu azikwe!

Akampigia Edna, binti anayeuza bima pale mjini. Edna akaja na kumweleza taratibu.

"Mama, bima ya vitu vya ndani haiangalii ulinunua kwa bei gani. Jiulize, vyote vikiteketea leo, kuvinunua vipya kutahitaji pesa ngapi? Ukitaja pungufu, na fidia itapungua. Ukizidisha, utakuwa unalipia hewa."

"Na vile vyombo ambavyo majirani wangeniletea, si navitoa kwenye hesabu?"

Edna akacheka. "Hivyo unavijua mwenyewe, mama."

"Basi andika vyote. Mpaka kijiko cha chumvi. Mimi sitaletewa na mtu."

Edna akamwomba apige picha za kila kitu, kwenye mwanga mzuri, amtumie.

Kesho yake asubuhi umeme ukakatika. Sebule ya Leonida hata ukifungua mapazia ni giza, maana ukuta wa Scholastika uko pale pale dirishani. Mtu mwingine angengoja umeme urudi. Leonida angoje? Thubutu! Akawaita wapagazi wawili, wakatoa makochi, meza, zulia na magodoro, wakavipanga mbele ya nyumba na kwenda zao. Akaanza kupiga picha huku akikadiria. Anapandisha bei ya kochi, anaogopa kulipia hewa, anaishusha, anaogopa fidia pungufu, anaipandisha tena.

Katika haraka zake alisahau jambo ambalo kila mtu wa Ganako analijua. Makochi hutolewa nje ili sebule ibaki wazi, watu wakae chini kwenye mikeka. Yaani, nyumba hiyo ina msiba.

Wa kwanza kutokea alikuwa Scholastika, kanga kiunoni, mzigo wa kuni kichwani. Nyuma yake wakafuata wanawake wengine, mwenye sufuria kubwa, mwenye unga, mwenye mkeka, wote wameinamisha nyuso. Leonida alipowaona, simu ikamponyoka mkononi. Watu hawaji hivi bure. Wamepata habari ambayo yeye hajaipata.

"Nehemia!" akapiga yowe. "Nehemia wangu, jamani!"

Waliposikia jina hilo wakaangua kilio wote. Scholastika akatupa kuni chini, akamkumbatia. "Pole, mama Angel, pole mwenzangu. Gari limepindukia wapi? Kwenye mteremko wa kreta?"

"Kumbe limepinduka?"

"Si wewe ndiye unayejua?"

"Nijue wapi mimi! Nani kawaambia?"

"Makochi! Umetoa makochi nje!"

Kilio kikakatika. Leonida akaeleza mambo ya bima, picha na giza, maneno yakigongana mdomoni. Mwenye sufuria akacheka mpaka akakaa chini. Mwingine akasonya, kaacha maharage motoni. Lakini Leonida hakuridhika, mpaka walipopiga simu ofisini kwa akina Nehemia na kuambiwa wameongea naye kwa redio asubuhi hiyo hiyo, mzima wa afya.

Wakaanza kurudisha vitu ndani. Leonida akamshika Scholastika mkono.

"Mama Niko, mimi kwa mama yako sikuja."

"Hukuja," alisema Scholastika, wala hakulilainisha. "Niliangalia njia mpaka tunafukia kaburi."

"Na leo umekuja wa kwanza."

"Sasa ningefanyaje? Nimeona makochi nje, nikabeba kuni."

Leonida alilia palepale, akiwa ameshika mto wa kochi, na hakuna aliyemuuliza nani amekufa.

Jioni Edna akapiga simu. "Mama, nakamilisha hesabu yako. Makochi, friji, televisheni, magodoro. Na vyombo vya jikoni je?"

"Vyombo viache," Leonida alisema.

Akakata simu, akajifunga kanga, akaenda kugonga kwa Scholastika kumwomba ampeleke Daa, akalione kaburi la mama.