Mtani Wangu Haoni Vizuri, na Ndege Zinaruka

Admin, jina langu lisionekane tafadhali, Tabora tunajuana.

Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na tisa, Mzaramo wa Kisarawe, sijaolewa, sina mtoto. Ni fundi ndege. Ndiyo, ndege, hizi zinazoruka, na ninyi mnaotaka kuandika "mwanamke na spana wapi na wapi" malizeni kwanza kusoma. Nafanya kazi kwenye kampuni ndogo inayobeba abiria na wakati mwingine wagonjwa. Nimepanga chumba Isevya na huku sina ndugu hata mmoja.

Nilipohamishiwa huku nililia njia nzima. Aliyeninyamazisha ni fundi mkuu wetu, mzee wa Kinyamwezi kutoka Sikonge. Mnajua Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara ya kwenda pwani. Siku ya kwanza nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaruka kama amekanyaga kaa la moto: "Sipokei shikamoo ya Mzaramo! Nani kakuruhusu kuingia Unyamwezini bila hodi?" Nami sikumwacha: "Nimefuata mizigo ya babu yangu, mliibeba hamkuirudisha!" Karakana nzima ilicheka. Tangu siku hiyo nikawa na kwetu. Kila akitoka Sikonge aliniletea asali kwenye chupa ya maji, eti nisife njaa akakosa wa kumchokoza.

Mama yangu alipofariki, mzee alipanda basi mpaka Kisarawe, akajilaza ndani ya kaburi na kugoma kutoka mpaka apewe kuku. Nilicheka siku namzika mama yangu. Mtu kama huyo unamfanyaje?

Shida ni macho yake. Nilianza kuona anaisogeza simu mbali ndipo asome ujumbe. Miwani hataki, anasema mikono yake inaijua ndege kuliko macho. Sasa kazi yetu ina utaratibu: mmoja akitengeneza, mwingine anakagua upya, kwa sababu binadamu yeyote anachoka, anasahau, anaharakishwa. Mkaguzi wetu ni yeye.

Asubuhi moja abiria walikuwa wameshapimiwa mizigo, ndege inasubiriwa. Mzee akapitisha tochi kwenye mguu wa gurudumu, akasema, "Safi, iende." Mimi nilikuwa nimechuchumaa pembeni yake, na niliuona ufa mwembamba kama unywele kwenye chuma kinachoshika gurudumu.

"Mzee, hapa pana ufa."

"Mzaramo keshaanza! Ngoma za jana hazijamtoka kichwani."

Wenzangu wakaangua kicheko. Nikarudia, wakacheka zaidi. Nikapiga kelele, "Sitanii! Hukuuona!" Mmoja akashika tumbo kwa kucheka. Jamani, nilikuwa naongelea roho za watu, nachekwa. Muda wote huo niliwazoesha kwamba nikimkosoa mzee natania, na siku hiyo sikuwa na namna nyingine ya kumkosoa.

Nikamfuata rubani, nikamvuta kwa mkono wa shati. Akainama, akatazama, akauona. Safari ikaahirishwa.

Nilidhani nitashukuriwa. Meneja alituita mimi na mzee akasema, "Haya mambo mmalizane kifamilia, ofisi kuu wasisikie." Tulipotoka nikamwambia mzee taratibu, "Baba, nakuomba ukapime macho."

"Umeniaibisha mbele ya rubani, binti," akasema. Alikuwa hajawahi kuniita binti.

Kesho yake nikamwamkia kwa mazoea, nikisubiri anitimue. "Shikamoo mzee." Akajibu, "Marahaba. Hujambo?" na akapita. Admin, ile marahaba iliniuma kuliko tusi. Ndivyo anavyonijibu mpaka leo, kwa heshima zote. Wenzangu nao nikiingia mazungumzo yanakatika. Chai wanakunywa kabla sijafika. Jioni narudi Isevya, nasonga ugali wa mtu mmoja, nakula nikiangalia simu isiyoita. Ile chupa ya asali imekwisha, bado sijaitupa.

Miwani hakununua. Kwa hiyo akimaliza kukagua na kuondoka, mimi narudi na tochi, najifanya natafuta spana, nakagua upya kila alipopita. Nimeshakuta vitu, nikavirekebisha kimya kimya. Najua si sawa. Nikiumwa siku moja tu, nani atarudi nyuma yake?

Nimeomba uhamisho na umekubaliwa. Nirudi Dar, karibu na kwetu, nipumzike na huu upweke. Natakiwa kujibu wiki ijayo. Nikiondoka kimya, abiria nimewaacha na macho yale. Nikiripoti ofisi kuu, wanasema jina la mtoa taarifa hufichwa, lakini mafundi wenyewe tuko wachache hivi, nani hatajua? Na mzee amebakiza muda mfupi astaafu, atatoka kwa aibu.

Ningeshaamua kuondoka, ila jana. Siku zote mzee akimaliza kukagua hufunga mwenyewe kifuniko cha pale alipokagua na kuzima tochi. Jana alikiacha wazi. Akaiweka tochi yake chini pale pale, inawaka, akaenda zake bila kugeuka nyuma.

Anajua. Tangu lini sijui, lakini anajua, na ananitegemea, na hawezi kusema. Nilikaa chini ya ile ndege nikalia. Halafu nikaokota tochi yake, nikakagua.

Ndugu zangu, mnaosafiri na msiosafiri, wiki ijayo nijibu nini? Nishaurini, nifanye nini? Na ninyi Wanyamwezi mlioko humu, leo naomba msinitanie.