Mpaka Kitovu Kidondoke

Apolonia Kalinga hakuwa mtu wa kuandikwa. Hakuongoza chama chochote, hakulea mtoto aliyekuja kuwa na jina, na kanisani kwao hata kazi ya kupanga maua hakupewa. Alizaliwa Uhehe, akabatizwa akiwa mkubwa wa kujibu padri mwenyewe, akaolewa na kibarua wa barabara aliyemchukua mpaka bonde la Usangu. Barabara ilipokwisha, mume naye akaisha. Mtoto wao wa pekee alikuwa ametangulia kwa surua. Mama yule akabaki na jembe, jiko la mawe matatu na shamba la mpunga mbali na watu, mahali alipopazoea.

Ilipokuja amri ya kuhamia vijijini, hata hicho kidogo alikiacha. Walipangwa kando ya barabara kuu, mwendo mfupi kutoka Igawa, nyumba zimesimama mstari kama askari kwenye gwaride, na kila nyumba kumi zikapewa balozi wake. Wasomi walisema sasa watu watakaa pamoja. Ni kweli, walikaa pamoja. Ila hapo walipoanza kukaa pamoja ndipo kila mtu alipojifunza kufunga mlango.

Ndugu yake duniani alikuwa mmoja, dada yake Kalista wa Kihesa, Iringa mjini. Hawakuwa wamesemeshana tangu mama yao alipofariki. Habari ilimfikia Apolonia kwa kuchelewa, akafika Kihesa kaburi limekwisha kufukiwa, na Kalista, mbele ya waombolezaji wote, akamwuliza, "Umekuja kulia au kula?" Apolonia aligeuka na mzigo wake ukiwa bado kichwani, akarudi stendi. Siku ile hakulia wala hakula. Miaka ikapita juu ya neno hilo kama magari yanavyopita juu ya mbwa aliyekufa barabarani. Kila mtu anaona, hakuna anayeondoa.

Mwaka wa sabini na sita, wakati wa mavuno ya mpunga, alikuja Eliezeri. Huyu alikuwa dereva wa lori, Mbena, Mlutheri wa kuimba bila kuombwa, aliyezoea kusimama kwa Apolonia kunywa uji. Safari hiyo hakuimba.

"Kamwene, mama. Dada yako anaumwa," alisema. "Nilishusha mkaa pale kwake, nikamkuta kitandani."

"Amekutuma?"

"Amenituma. Anasema ana neno lako. Akasema, 'Mwambie Apo aje, asingoje barua.'"

Apo. Lilikuwa jina lake la utotoni, na pale bondeni hapakuwa na mtu hata mmoja aliyelijua. Apolonia aliinama akachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

"Neno gani?"

"Aa, mama! Angeniambia mimi lingekuwa bado lako?" Eliezeri alikung'uta kikombe. "Naenda Mbalizi kupakia. Alhamisi narudi. Uwe barabarani na mzigo wako, maana honi sipigi mara mbili, hata ungekuwa mke wa mchungaji."

Ikabaki kazi ya kijiji. Mpunga wa shamba la pamoja ulikuwa unapigwa wiki hiyo, na aliyeondoka bila kumaliza sehemu yake aliitwa mtoro mbele ya mkutano. Apolonia alipiga mpunga alfajiri, akapiga mchana, akapiga wenzake wakipumzika. Jumatano jioni alirudi nyumbani mabega yakiwa si yake tena. Alifunga mzigo: kanga mbili, rozari, mchele wa kumpikia mgonjwa. Kisha akatumbukiza miguu kwenye beseni la maji ya moto, akafumba macho.

"Hodi hapa."

Sauti ilikuwa ya kigeni. Apolonia hakuitika. Tusimpambe: alisikia vizuri sana, akanyamaza. Alisema moyoni, Bwana, mpeleke kwa balozi Sedekia, ana vyumba vitatu na nguvu zake zote.

"Hodi, mayu."

Alinyamaza tena. Ndipo akasikia sauti nyingine chini ya ile ya kwanza, mtu anayeng'ata kitu ili asipige kelele. Mwanamke aliyewahi kuzaa haitafuti maana ya sauti hiyo. Apolonia alitoa miguu kwenye beseni.

Mlangoni alisimama mwanamume mrefu mwenye fimbo. Mkewe alikuwa ameketi chini, mgongo ukutani, pindo la kaniki nyeusi limejaa mdomoni. Ng'ambo ya mto walionekana ng'ombe na vijana wakiwazuia.

"Mimi naitwa Masunga," alisema yule mwanamume. "Tumetoka Shinyanga. Naomba kivuli, mayu, mama yangu."

"Kivuli cha nini, na jua linazama?"

"Si cha jua. Ni cha huyu Mbuke wangu. Nyumba zote hizi nimebisha."

Ya Apolonia ilikuwa ya mwisho katika mstari. Watu wale walikuwa wamebishia kijiji kizima, mlango baada ya mlango, na katika kijiji hicho kulikuwa na Wakristo wa kujaza makanisa mawili.

"Mungu wangu, mlikuwa mnakwenda wapi na tumbo kama hili?"

"Bondeni kwenye majani. Tulidhani atafika."

"Ninyi wanaume mnajua hesabu ya ng'ombe tu," alisema Apolonia. "Mshike huko. Mimi mikono yangu imechoka, nikimwangusha utanidai."

Akampa kitanda chake. Mtoto wa kike alizaliwa kabla majirani hawajamaliza chakula cha jioni, akalia kwa nguvu, na katika nyumba zile zote zilizopangwa kwa kamba, hakuna aliyetoka kuuliza nani analia. Zamani kilio kama kile kingeleta wanawake na kuni mikononi.

Mbuke alitoka damu nyingi, akageuka rangi. Apolonia alimkanda, akampa uji, akalala kidogo akiwa ameketi. Kulipokucha alitazama mzigo wake pale pembeni, akamtazama yule mzazi, akajua kwamba kuna jambo hakulipigia hesabu. Kwa Wasukuma, kama ilivyo kwa Wahehe, mzazi havuki kizingiti mpaka kitovu cha mtoto kidondoke. Aliyekubali kuzaliwa kwa mtoto ndani ya nyumba yake amekubali na hizo siku.

Basi, aliwaza, nitawaachia nyumba. Watakaa, mimi nitakwenda. Akatoka kumtafuta balozi, lakini balozi alikuwa tayari yuko uani.

Sedekia hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa amri tu.

"Shikamoo, mama. Nasikia una wageni. Wana kibali?"

"Marahaba. Wana njaa."

"Njaa si kibali."

"Na mtoto wa jana, na yeye alikuwa aombe kibali cha kuzaliwa? Angeandika kwa mkono gani?"

Sedekia alicheka, kisha akakumbuka cheo chake. "Mama, sikiliza. Mgeni lazima awe na mwenyeji wa kumjibia. Kwako wapo, sawa, nitaandika ni wageni wako. Lakini watu wananung'unika, wanasema ng'ombe zao zitakula mpunga."

"Mimi leo naenda Iringa. Dada yangu mgonjwa. Niwekee jicho tu, siku chache."

"Ukiondoka hawana mwenyeji. Nitawatoa."

"Na kitovu kibichi hivi?"

"Nitawatoa, mama. Nisipowatoa mimi, nitatolewa mimi."

Apolonia alikwenda nyumba ya pili, kwa Esta, waliyekuwa wakisali naye rozari kila mwezi wa tano. Akamwomba awe mwenyeji kwa jina tu, kuwapikia atawapikia Masunga mwenyewe. Esta alikuwa anapeta mchele, hakusimamisha ungo.

"Lugha yao siijui, dada."

"Uji hauna lugha, Esta."

"Na mume wangu hapendi mambo." Akaendelea kupeta.

Lori la Eliezeri lilikuja asubuhi ile ile, likasimama, honi ikalia mara moja. Apolonia alitoka mikono mitupu.

"Mzigo uko wapi?"

Alimweleza. Eliezeri alivua kofia, akajikuna, akaivaa tena.

"Mama, huyu wa kule ni damu yako. Hawa hata jina lako la ukoo hawalijui."

"Najua."

"Kalista hali yake si ya kungoja. Nimekwambia au sikukwambia?"

"Umeniambia. Ukipita kwake mwambie naja. Mwambie nimekwisha kufunga mzigo."

"Una moyo mzuri," alisema Eliezeri akipanda, "lakini kichwa, sijui." Lori likaondoka na moshi wake kuelekea Makambako. Apolonia alisimama mpaka mlio ukapotea kabisa, kisha akaingia ndani kwa sababu mtoto alikuwa analia.

Siku zilizofuata hakuna aliyekuja kuomba moto kwake. Kisimani wanawake walimpisha kama mtu mwenye upele. Masunga alilala na ng'ombe wake mbali, akaja kila asubuhi na kibuyu cha maziwa, akasema machache, akaondoka. Mbuke hakujua Kiswahili ila maji na asante. Wanawake wale wawili walikaa chumba kimoja, mmoja akinyonyesha, mwingine akiongeza kuni, na kati yao hakuna neno. Kuna upweke wa nyumba tupu, Apolonia alikuwa ameuzoea. Huu wa nyumba yenye watu ulimshinda.

Na kitovu kilikaidi. Kila asubuhi alimfunua mtoto akatazama. Kilinyauka, kikawa cheusi, kikang'ang'ania. Alitamani kukivuta kwa mkono wake, akatishwa na wazo lake mwenyewe, akafunika.

Asubuhi moja Masunga aliongea na mkewe kwa Kisukuma, kisha akageuka akiwa na aibu.

"Mayu, Mbuke anauliza, mtoto ana kasoro? Anasema kila siku unamtazama tumboni na kukunja uso."

Apolonia alihisi uso unamwaka. Mzazi yule alikuwa ameogopa siku zote zile, kimya kimya, kwa ajili ya uso wake.

"Mwambie mtoto ni mzima kuliko sisi sote," alisema. "Mwambie huu uso ni wa uzee tu."

Tangu hapo hakutazama tena. Alimwogesha mtoto akiwa ameelekeza macho ukutani, na hiyo, kuliko kitanda na kuliko uji, ndiyo kazi iliyomgharimu.

Kilidondoka siku ya soko. Mbuke alikifunga katika pindo la kaniki yake ili akakizike nyumbani kwao, nyumba ambayo ilikuwa bado haijajengwa, na hata mahali pake walikuwa bado hawajapaona. Masunga alileta punda wa kumpanda mzazi, na ndama jike amevutwa kwa kamba. Apolonia alimkataa ndama. Alisema hana wa kumchunga, nayo ilikuwa kweli; hakusema kwamba ndama yule angetafunwa midomoni mwa kijiji mpaka mifupa. Walikwenda. Mbuke aligeuka nyuma mara moja tu, maana punda alikuwa msumbufu.

Apolonia alichukua mzigo wake, akasimama barabarani, akapata basi la Iringa.

Nyumba ya Kihesa aliikuta iko wazi. Matilda, mpangaji wa chumba cha nyuma, alimpokea mzigo, akamshika mkono kwa mikono yote miwili, na Apolonia akajua.

"Amekufa?"

"Hapana, yupo. Anakula, anaongea. Yule dereva alipoleta salamu zako alifurahi, akataka kiti chako kiwekwe pale karibu na kitanda. Akakungoja, dada. Jumapili homa ikapanda kichwani. Iliposhuka akawa hatujui. Mimi ananiita nesi."

Kalista alikuwa ameegemezwa kwenye mto wa kitanda, mdogo kama msichana, nywele nyeupe. Alimtazama Apolonia kwa adabu.

"Karibu, mama. Umetoka mbali?"

"Nimetoka Igawa." Alipiga magoti kando ya kitanda. "Ni mimi, Apo."

"Igawa ni mbali," alisema Kalista. "Pole kwa safari. Nesi, mpe mgeni maji. Tusimwulize mambo mengi, kwanza ale."

Ndivyo mama yao alivyokuwa akisema kwa kila aliyepita njia, na mji ule wote wa Iringa ungeweza kusahau kusema hivyo, lakini mgonjwa asiyejua jina la ndugu yake hakusahau. Apolonia alikula.

Alibaki pale mpaka mvua za kwanza, Kalista alipofariki. Alimwogesha, akamgeuza, akamlisha, na kila siku alikaribishwa upya na kupewa pole ya safari. Neno lile halikusemwa. Mara nyingine Kalista alikunja kipaji cha uso kama mtu aliyeacha kitu sokoni, na Apolonia aliacha kila alichoshika akasogeza sikio. Lakini alikuwa anataka maji tu, au dirisha lifungwe.

Siku moja, kabla ya mvua hizo, Kalista alikuwa mchangamfu, akameza uji bila kubembelezwa, akasimamisha kijiko kwa mkono.

"Mama, wewe unanihudumia kama binti. Huna ndugu zako?"

"Ninaye mmoja. Dada yangu."

"Anakaa wapi?"

"Hapa hapa Kihesa."

"Ehe!" Kalista alimtazama kwa mshangao, karibu kwa hasira. "Na wewe umekaa kwangu siku zote hizi? Nenda ukamwone, mama. Watu hufa."

"Nitakwenda," alisema Apolonia, akachota uji mwingine, akaupuliza. "Maliza hiki kwanza."