Chumvi Iliyonyang'anywa Maji Yake

Siku yangu ya kwanza kazini, mkuu wa famasi ya hospitali alinipa kijiko na mzani, akasema nipime chumvi ya magnesi bila kuipumulia. Nilikuwa na darasa la tatu, tena la kubahatisha. Chumvi hiyo ni chungu. Mtaani tuliinywa kulegeza tumbo, na shemeji yangu mmoja aliwahi kuizidisha, lakini tuyaache hayo. Hospitalini tuliitengenezea serumu, yale maji ya kutundika, kwa wajawazito wenye kifafa cha mimba.

Punje zake zinang'aa kama kioo kilichovunjika. Ukizishika ni kavu, kumbe nusu ya uzito wake ni maji yaliyojificha ndani. Ukizitia kwenye maji, chupa inapoa mkononi. Sikusomea, mkono ulijifunza wenyewe.

Vita vikaja, barabara zikafungwa, chumvi ikatufikia imelowa. Mkuu, bwana wa Kinanira, mtaa wa wakubwa, asiyevua tai hata risasi zikilia, akaamuru ikaushwe kwenye tanuri la kukaushia chupa. Ikatoka unga mweupe kama chokaa. Nilipoutia maji, chupa ikapata moto.

"Shefu, hii imepoteza maji yake ya ndani. Tukipima uzito uleule, dawa itakuwa karibu mara mbili."

"We Saidi, uliishia darasa la ngapi?"

"La tatu, shefu."

"Basi pima. Chumvi ni chumvi. Ama unataka nikuvalishe tai yangu?"

Wenzangu wakacheka. Nikapima. Nikapeleka.

Serumu hiyo akawekewa mama mmoja wa mtaa wa Musaga, mimba ya kwanza. Mkunga, Dada Godeliva, akamgonga goti kuona kama dawa imezidi, halikuruka. Pumzi zikawa za kuhesabu. Akafunga serumu, akapiga kelele: "Muliweka nini humu, nyinyi watu?" Akamdunga dawa ya kuvunja nguvu ya ile chumvi. Mama akapona. Mtoto wake wa kiume, apana.

Ripoti ya mkuu ikasema: kosa la mpimaji asiyesoma. Nikahamishiwa kuosha chupa mpaka nikastaafu. Yeye akapandishwa cheo, shetani yule!

Lakini hasira kubwa ni juu yangu mwenyewe. Nyinyi vijana wa makoti meupe mnaniambia, "Mzee, si uliamriwa?" Apana. Sinki lilikuwa hatua mbili kutoka mezani pangu. Ningeimwaga ile dawa, wangenitukana, wangenifukuza, na mtoto wa yule mama leo angekuwa na ndevu.