Ile "I" niliyoandika kwa jina la Chola

Kitu hiki sijamwambia mutu, hata padri: siku ile mu matete ya kisiwa cha Chisenga, mwenye kupiga maji nilikuwa mimi. Hakuwa Chola.

Na sasa Chola amekufa. Leo siku ya nne, na bado masikio yangu yanangoja muluzi wake pale nje. Akili imekubali, masikio yanakataa.

Mwalimu ametuomba sisi tuliomujua tuandike kila mumoja ukurasa, zibandikwe ku mulango wa shule, watu wasome. Wengine wameandika namna alivyocheza mupira. Mimi niko na hii.

Wote munajua kutumpula: unatega wavu, unapiga maji na fimbo mpaka samaki wakimbilie ndani. Munajua pia imekatazwa. Nilikuwa na miaka kumi na moja, yeye kumi na sita. Alikuja na bwato lake, mutumbwi mudogo, kunizuia. "Kadogo, acha, utatufungisha."

Hapo hapo kapaso, askari wa chifu, akatokea. Nikamutupia Chola fimbo. Akaidaka bila kufikiri, kama mupira.

"Ni nani anapiga maji hapa?"

Chola akatazama fimbo, akanitazama mimi. "Si munaona mwenyewe, bwana."

Viboko sita ku baraza ya chifu, na jina mu buku. Tukirudi, karibu na nyumbani, akasema, "Wewe ungelia. Mimi siwezi kusikia mutoto analia." Basi. Hakuitaja tena.

Kitu alichotaka ni kimoja tu, polisi. Kaptula yake ilikuwa moja, aliipiga pasi ya makaa kila Jumapili, akapita barabara ya Nchelenge kama yuko parade. Vijana walimucheka: "Sajenti wa kutumpula, utamufunga nani, samaki?" Aliwapigia saluti, akaendelea.

Mwaka jana alileta fomu. Mimi nilisoma Kiswahili kwa mapadri ng'ambo, Kongo, na Kingereza huku, kwa hiyo mimi ni karani wa kila mutu. Fomu ikauliza kama amewahi kuhukumiwa.

"Yaya," nilimwambia, maana nilimwita hivyo kama kaka mukubwa, "tuweke No. Nani atajua?"

"Weka Yes. Na chini andika kilichotokea."

"Kilichotokea gani?"

Alinisogezea wino. "Kile kilicho mu buku, karani."

Nikaandika: I beat the water. Mu Kiswahili ningeandika "nilipiga", na ile "ni" ingejificha ndani ya neno. Kingereza hakifichi. Ile "I" inasimama peke yake, herufi moja, nyembamba. Mukono wangu, kosa langu, sahihi yake. Ningeweza kusema pale. Nilipuliza wino ukauke.

Muzungu wa Boma, ofisi ya serikali, alimupenda. Lakini alisema, kwa sababu ya ile kesi, angoje mwaka mumoja, kisha alete barua ya baraza kwamba ametulia. Chola alirudi anacheka. "Mwaka ni nini, basi, nitapata kazi ya kungojea." Akaipata ku bwato la kupeleka watu Kilwa ya Kongo, ng'ambo ya ziwa, na huko ndiko upepo uliwakuta, akazama.

Kama ningesema, angekuwa ku kambi ya polisi, ku nchi kavu. Nimeigeuza hesabu hii kila upande. Jibu ni lile lile.

Ku kilio nilikaa nyuma kabisa. Mutu mumoja akasema, "Alikuwa kijana mwema, isipokuwa ile kesi." Ba Mayo, mama yake, akainamisha kichwa. Hata pale nilinyamaza.

Shule nzima inadhani mimi ni mupole. Mwenye kujua kwamba ni woga alikuwa Chola, na ndiye niliyekuwa namwambia mambo.

Leo nimeficha ukurasa huu chini ya mukeka mara tatu, mutu akipita. Sasa nyayo zinakuja tena. Ni Ba Mayo, muguu wa kushoto anauburuta. Analeta shati la Chola, amesema nivae mimi.

Ukurasa nimeuacha juu ya meza. Hajui kusoma. Nitamusomea mwenyewe kwa Kibemba, polepole, mpaka mwisho, kabla sijagusa shati.

Yaya Chola, pumzika, ulale muzuri. Kesho naenda ku baraza, watoe jina lako, waandike langu.