Ngao ya Wifi Yangu

Wifi yangu ana miaka hamsini na mbili, wajukuu wawili na presha ya kupanda, na kila Jumamosi saa tisa alasiri anaua majitu. Nalisema mapema ili asiyependa mambo hayo aende zake. Mimi mwenyewe sikuyapenda. Nilipohamia kwa kaka yangu baada ya kufiwa na mume, nilimkuta mkewe kavaa hedifoni, kakodolea macho kompyuta iliyoachwa na binti yao alipoolewa, anamwambia mtu nisiyemwona, "Kaa nyuma yangu, usijitie ushujaa." Nikajisemea moyoni, kaka yangu kaoa nini huyu.

Mchezo wenyewe unaitwa Milango Tisa. Wachezaji wako mbali mbali, kila mmoja nyumbani kwake, na wanasikilizana kwa mtandao. Watu watano wanaingia kwenye ngome, humo kuna jitu, na jitu lazima limpige mtu. Sasa wifi ndiye anayejitolea. Anabeba ngao, anasimama mbele, analichokoza jitu limkazie yeye, ili wenzake walishambulie ubavuni. Nilipoelezwa hivyo nikamwambia kazi hiyo lazima aiweze, maana amevumilia mawifi watatu kwa miaka thelathini. Alicheka mpaka jitu likamuua.

Hayo yalikuwa kabla ya mkono.

Alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha kufulia, kitengo cha mashuka, kwenye ile mashine kubwa ya pasi yenye roli mbili za moto inayomeza shuka upande huu na kulitema upande wa pili. Siku moja ilimeza na mkono wake wa kushoto. Vidole vitatu viliondoka. Vilivyobaki ni dole gumba na kidole cha shahada, navyo vimekakamaa, havikunjiki. Alipotoka hospitali mkono ule ukahamia kwenye mfuko wa gauni lake, na huko ndiko ulikokaa miaka miwili.

Sisi nyumbani tukawa watu wema, na wema wetu ulikuwa mbaya sana. Kaka alimfunga vifungo, akamkatia nyama, akammenyea chungwa, yote bila kuuangalia mkono, macho yakiwa ukutani. Mimi niliacha utani. Hujui Kiswahili kina mikono na vidole vingapi mpaka uishi na mtu aliyevipoteza. Kidole kimoja hakivunji chawa, mkono mtupu haulambwi, mkono mmoja haulei mwana. Kila nikifungua mdomo methali inataka kutoka na mimi naimeza. Akiunguza wali tunasema mtamu. Akisahau bomba wazi na maji yakafika sebuleni, tunadeki kimya kimya kama wezi. Alikuwa anatuangalia tu.

Kwenye mchezo hakuna aliyejua. Siku zile kupigana kulikuwa rahisi: unalichagua jitu kwa kipanya, unabonyeza, na ngao inajishikilia yenyewe mpaka basi. Mkono wa kulia ulitosha. Kiongozi wao ni mwalimu wa kemia mwenye sauti ya kukwaruza, wanamwita Kamanda, na kwake yeye wifi alikuwa Ngao tu. Ngao akikosea alipewa vidonge vyake kama wengine, na akipatia aliambiwa, "Haya, twende mlango unaofuata."

Kisha wenye mchezo wakaubadilisha wote.

Walitangaza kwamba wameleta sasisho kubwa, na watu wakashangilia mtandaoni wasijue wanachoshangilia. Ngao sasa haijishikilii. Unaiinua mwenyewe, kwa kufumba na kufumbua, pigo linapofika. Ukiwahi imekwisha nguvu, ukichelewa umekufa. Na ardhi haikai. Kila baada ya muda inapasuka chini ya miguu, lazima uwe umeshahama. Kwa hiyo mkono mmoja uko kwenye kipanya unainua ngao, na mwingine uko kwenye vitufe unatembea, wakati uleule. Wifi aliutoa mkono wa kushoto mfukoni akajaribu. Akitaka kitufe kimoja anabonyeza vitatu. Jumamosi ya kwanza alikufa mara kumi na moja.

"Ngao, una nini wewe?" Kamanda alimuuliza. "Unasimama kama nguzo ya umeme."

"Mtandao wa huku mbaya," wifi alijibu.

Jumamosi ya pili mtandao ulikuwa mbaya vilevile. Kamanda si mtu wa kuzungusha maneno. Alisema wiki ijayo wanaingia mlango wa saba, na ikishindikana tena atatafuta ngao mwingine. "Wewe utakaa nyuma na upinde. Upinde ni kubonyeza tu, hata mtu anayesinzia anaweza."

Wiki hiyo wifi hakukaa. Alijaribu kutembeza kwa kiwiko. Aliweka ubao wa vitufe sakafuni akajaribu kwa vidole vya mguu. Alichukua daftari akaandika tabia za jitu jipya kwa mwandiko wake mdogo: linapiga mara tatu, linavuta pumzi, na kabla ardhi haijapasuka linainua kisigino cha kushoto. Alitambua pia kwamba kurudi nyuma, kama walivyozoea, ndiko kunakoua. Afadhali kulizunguka kwa kulia siku zote, na wenzake wakae upande wa pili badala ya kujificha mgongoni kwake. Yote aliyajua kichwani. Jumanne nilimkuta kafunika uso kwa mkono mmoja.

"Wifi," akaniambia, "unajua humu ndani ndimo nina mikono miwili? Humu tu. Na humu namo wananitoa."

Mdomo wangu hauna breki. Nikasema, "Mwite mumeo akushikie upande mmoja."

"Ananifunga vifungo. Ananikatia nyama. Sasa anitembeze na humu?"

Nikaenda zangu jikoni kugombana na masufuria.

Kaka yangu alistaafu mwaka jana. Kwa miaka ishirini na sita aliendesha kreni kwenye yadi ya makontena, na tangu astaafu anakaa na redio yake kana kwamba ni kontena analisubiri lishuke. Nilidhani hasikii kitu. Kumbe Jumatano alisimama mlangoni nyuma ya mkewe, akaangalia muda mrefu, halafu akasema, "Kuzungusha ni kazi ya mkono wa kushoto. Kuinua ni wa kulia. Ndivyo ilivyo hata kwetu kwenye kreni."

Akavuta kiti akakaa upande wa kushoto. Wifi alimtazama kama atamfukuza. Hakumfukuza.

Ikawa vita, na si ya jitu. Wifi anasema kulia, kaka anafikiri kwanza, ardhi inapasuka, wamekufa. Anasema nyuma, wamekufa. Akapandisha sauti, na kaka akaondoa mkono kwenye vitufe.

"Mimi sitembei kwa kelele, mama," alisema. "Kule juu husikii chochote. Chini kuna watu kumi wanapiga kelele, kila mtu na lake. Unamtazama mmoja tu, yule anayekuelekeza. Unamtazama mkono."

"Mkono gani?" wifi akauliza.

Nilikuwa nimebeba vikombe vya chai. Nikasimama navyo. Kaka aliinamisha kichwa, akaona alichosema, na mimi nikamwomba Mungu ardhi ya humu ndani nayo ipasuke. Wifi aliutoa mkono mfukoni polepole, akauweka mezani katikati yao, chini ya mwanga wa dirisha, na kovu lake na vidole vyake viwili.

Kaka akauangalia. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akiuangalia, na hakukuwa na huruma usoni mwake. Alikuwa mtu aliye kazini, anasubiri ishara.

"Shahada ikilala, naenda kulia," alisema. "Gumba likitoka, kushoto. Ukisukuma mbele, mbele. Ukivuta, nyuma. Ukiunyanyua mezani, nasimama, hata dunia ikipinduka."

Walifanya mazoezi siku hiyo, na kesho yake, na Ijumaa. Waligombana kwa moyo. Nilimsikia wifi akimwita mume wangu ng'ombe, kisha akasahihisha kwamba ng'ombe angekuwa ameshaelewa. Kaka alimwambia ishara zake hazisomeki, na kwamba yadini angeshafukuzwa kazi. Mimi nilikaa jikoni nikasikia raha isiyo na maana.

Nimekosea hapo juu: nimeandika mume wangu, ni mume wake. Wangu alikuwa mpole.

Jumamosi ikafika. Kamba ya hedifoni ilikuwa inamsumbua kaka, kwa hiyo waliichomoa, na sauti za wote zikawa zinatoka wazi chumbani. Nikajipa kazi ya kukunja nguo humo humo. Wifi aliwaambia wenzake mpango wake wa kuzunguka kwa kulia, Kamanda akauliza maswali mawili akaukubali, wakaingia mlango wa saba. Mambo yakaenda vizuri ajabu. Jitu linainua kisigino, shahada inalala, kaka kashahama. Kaka alisahau kabisa kwamba kuna watu wanasikia. "Shusha mkono kidogo, mama, sioni gumba," akasema, kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikika juu ya winchi.

"Simameni," Kamanda alisema, na wote wakarudi mlangoni. "Ngao, nani huyo?"

Wifi akaondoa mkono kwenye kipanya.

"Nauliza kwa sababu miguu hii siyo ya wiki iliyopita. Kama umemwachia mtu mwingine akuchezee, sema sasa. Mimi na tapeli hatupikiki chungu kimoja."

Nilijua wifi anachoogopa, maana alishaniambia. Angeweza kuzima kompyuta. Alimtazama kaka, kaka akaukazia macho ule mkono pale mezani, hakumsaidia kwa neno.

"Ni mume wangu," wifi akasema. "Anatembeza miguu, mimi napiga. Mashine ilinikata vidole vya kushoto, mwaka juzi. Nilikuwa nacheza kwa mkono mmoja, sasa hautoshi."

Halafu sauti ya msichana, yule wanayemwita Mponyaji kwa sababu kazi yake ni kuwaponya wenzake, ikatoka laini kama uji wa mgonjwa. "Jamani, mama, pole sana. Hatukujua. Wewe pumzika tu, wala usijisumbue, tutakusubiri hata mwezi."

Niliona mabega ya wifi yakishuka. Huruma ilikuwa imefika na humo.

"Sijaomba pole," akasema. "Nimesema twende."

Wakaenda. Sitasimulia kila pigo, mengine sikuyaelewa. Naelewa kwamba walilizungusha jitu dakika nyingi kuliko wakati wowote, kwamba kaka alitoka jasho, kwamba damu ya jitu ilibaki ncha ya kucha. Likapiga moja, likapiga mbili. Shahada ikalala, miguu ikahama sawasawa. Pigo la tatu likaja, na ngao ikanyanyuka baadaye kidogo, kidogo sana. Wifi akaanguka, na wenzake wakamfuata mmoja mmoja.

Hakuna aliyesema kitu. Niliujua ukimya ule, ni wetu, wa wali ulioungua. Wifi alikaa akitazama kioo, akingoja aambiwe si kitu.

Kamanda akakohoa.

"Ngao."

"Nipo."

"Miguu ilikuwa mahali pake. Ngao ndiyo iliyochelewa. Huo mkono wa kulia ulikuwa umelala, au?"

"Kamanda, jamani," Mponyaji alinong'ona.

"Jamani nini? Tumekufa watu watano. Ngao, nakuuliza."

Wifi machozi yalimtoka, na alikuwa anatabasamu, vyote pamoja, hata hakujifuta. "Ulikuwa umelala," alisema. "Ni kosa langu." Alilitamka taratibu hilo neno "langu". Nikaona haya mpaka masikioni. Miaka miwili nzima, ndani ya nyumba yake mwenyewe, hatukuwahi kumwachia hata kosa moja.

"Basi uamshe, tunarudi," Kamanda alisema. "Na huyo dereva wako mwambie asogee mbali na maiki, anapumua kama jenereta. Jumamosi ijayo saa tisa kamili, wote wawili, sitaki visingizio vya mtandao."

Kaka akasogeza kiti. Wifi akaurudisha mkono mezani.

Walikufa mara nne zaidi alasiri ile. Mara mbili lilikuwa kosa lake, na mara zote mbili aliambiwa.