Mama mkwe ndani ya ndege yangu kuukuu ya viti viwili

Wakuu, salaam. Walionizidi umri shikamooni, ingawa humu sidhani kama mpo.

Haya yalinipata mwenyewe miaka ya sitini na sijatia chumvi. Picha zilikuwepo, mchwa wakazila. Wale wa "bila picha ni uongo" mtanivumilia.

Mimi ni Msamia wa Busia, upande wa Kenya. Nilikuwa fundi wa mzungu mkulima aliyekuwa na ndege ndogo. Alinifundisha kuirusha, nikapata na leseni. Baada ya uhuru akarudi kwao, ndege nikabaki nayo mimi.

Ilikuwa kuukuu kwelikweli. Mabawa ya kitambaa, viraka kashona mke wangu kwa mkono. Viti viwili, kimoja nyuma ya kingine: abiria mbele, rubani nyuma. Engine unaiwasha kwa kuzungusha pangaboi kwa mkono huku unasali.

Niliiweka kiwanja cha Tororo, ng'ambo ya mpaka, Uganda. Jumapili baada ya kanisa naipangusa vumbi la kiwanda cha simenti cha pale, napanda, nauzunguka ule mwamba wa Tororo, nashuka. Sina ninakokwenda. Wakuu, raha ile sijaipata tena. Wenzangu walikuwa na ng'ombe, mimi nilikuwa na ndege, na hata kutembea nilitembea kama mwenye ndege.

Wakwe zangu wa Lumino, huko huko Uganda, ndio hawakuielewa. Shemeji yangu aliiita kitanda chenye mabawa.

Sasa sikilizeni.

Mama mkwe alikuwa Mjapadhola wa Tororo aliyeolewa Lumino. Kaka yake, aliyemlea baada ya wazazi kufa, akafariki huko kwao Tororo. Habari zilimfikia mapema, lakini usiku ule mvua ikazoa daraja la njia ya Tororo. Mazishi ni mchana wa kesho yake, na gari haipiti.

Mimi nilikuwa Tororo tayari kwa msiba; asubuhi nikaruka kumfuata, nikatua uwanja wa mpira wa shule ya Lumino. Watu wakajaa.

Tatizo likawa mila. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawakaribiani. Hamshikani mikono, hamkai pamoja. Ukiwa na neno, unampa mtu apeleke. Wazee wakakataa katakata: wawili hao ndani ya kisanduku kimoja, mwiko.

Mama mkwe alikuwa amejifunika shuka, macho yamevimba kwa kulia. Akamwambia shemeji, "Muulize, anayeendesha anakaa wapi?"

"Nyuma, mama."

"Basi yeye ataona mgongo wangu, mimi nitaona mbingu. Mwiko uko wapi hapo? Nipandisheni, kaka yangu hatanisubiri."

Wazee wakasogea kando. Akapandishwa.

Juu huko upepo ukaanza kututupa. Mama anataka kusema nami, na mtu wa kupeleka neno hayupo. Basi akaipiga ndege kofi ubavuni, akapaza sauti kushinda engine:

"Wewe ndege, mwambie mwenyewe aache kunitikisa."

Ningefanyaje? Nikajibu, "Ndege, mwambie mama ni upepo tu, tunakaribia."

"Ndege, mwambie nimesikia."

Tukaenda hivyo hivyo. Mwamba ulipotokea, na vijiji vya kwao chini yake, aliinama kuchungulia. Kisha akasema, "Ndege, mwambie mwenyewe sikujua kwetu ni pazuri hivi."

Tulikuta kaburi liko wazi bado. Akatupa udongo wake kwa mkono wake.

Watu wakamuuliza, daraja halipo, umefikaje? Jina langu hawezi kulitaja, nalo ni mwiko. Akasimama mbele ya ukoo wake wote akasema, "Nimeletwa na ndege yangu."

Yangu, wakuu. Nilikuwa nimesimama mbali kama mila inavyotaka, machozi yananitoka, na sikujificha.

Nilichojifunza: kitu kinachokupa raha usikionee haya. Watakicheka mpaka daraja liende na maji.

Tangu siku ile kila mtu aliyetoka Lumino alikuja na ujumbe wa mama mkwe: "Isalimieni ndege." Miaka ikapita, ndege ikazeeka ikaisha, nikaiondoa. Yeye alijua. Lakini salamu za ndege ziliendelea kuja mpaka alipofariki, na mimi nilizipokea zote.

Haya, wenye wakwe humu, ninyi mnaongea nao kupitia nani? Nipo hapa, nasoma polepole, macho ya uzee.